Nyanya akiota ndevu kwa kasi

Huenda katika ukoo wenu yupo mama wa miaka 60 na ushei ambaye huamka kabla ya jogoo, akajifungia bafuni na wembe, kisha akatoka amejitanda leso hadi kidevuni. Nyote mnajua anachoficha, lakini hakuna anayethubutu kumuuliza. Majirani nao wameanza kunong'ona kuhusu uchawi. Katika nchi ambayo mwaka 2008 wazee wa Kisii waliteketezwa kwa shutuma za namna hiyo, mnong'ono huu si mzaha.

Basi leo tuyaseme waziwazi. Mwili wa mwanamke hutengeneza homoni za kiume kwa kiasi kidogo tangu ujana wake. Hedhi inapokoma, ovari hupunguza sana homoni ya kike iitwayo estrojeni, lakini haziachi papo hapo kutengeneza ile ya kiume, testosteroni. Ndiyo sababu nywele mbili tatu za kidevuni, zinazoota polepole kwa miaka mingi, ni jambo la kawaida kwa akina mama wengi. Hizo zing'oe ukipenda, uendelee na shughuli zako.

Cha kutia wasiwasi ni kasi. Mama ambaye mwaka jana alikuwa na uso laini, na sasa ana ndevu hasa, nywele za utosini zinapukutika na sauti imekuwa nzito hata akipiga simu anadhaniwa ni mzee wa nyumba, huyo hafai kuambiwa kwamba ni uzee tu. Ipo pia dalili ambayo wengi huona haya kuitaja hata mbele ya daktari: kinembe kukua kupita kawaida. Itaje, mama. Daktari ameyasikia mengi.

Ovari zenyewe zaweza kuwa chanzo, na kwa njia mbili. Ya kwanza huitwa haipathekosisi, ambapo chembe fulani ndani ya ovari zote mbili huongezeka na kutoa testosteroni nyingi mno. Hii huja taratibu kwa miaka, na mara nyingi huandamana na unene, kisukari na shinikizo la damu. Sehemu ya testosteroni hiyo hugeuzwa kuwa estrojeni katika mafuta ya mwili, nayo estrojeni hunenepesha ukuta wa ndani wa nyumba ya uzazi. Hapo ndipo saratani hupata mlango. Mama aliyekwisha koma hedhi akiona damu tena, hata tone moja, asingoje mwisho wa mwezi.

Njia ya pili ni uvimbe unaotoa homoni hizo. Ni nadra, lakini mambo yake huenda mbio, miezi michache tu, na baadhi yake ni saratani. Uvimbe wenyewe waweza kuwa mdogo kiasi kwamba picha ya ultrasaundi haiuoni, kwa hivyo kuambiwa "picha ni safi" si mwisho wa safari.

Kipimo cha kwanza ni cha damu, kupima testosteroni. Ikizidi takriban nanomoli 5 kwa lita, madaktari hutafuta uvimbe bila kuchelewa, katika ovari na pia katika tezi zilizo juu ya figo, ambazo nazo hutoa homoni za kiume. Watauliza vilevile kuhusu dawa na krimu, maana hata krimu za kujichubua zenye steroidi huotesha nywele usoni. Wauzaji hawakuambii hilo!

Tiba mara nyingi ni kuondoa ovari kupitia matundu madogo tumboni. Asiyeweza kupasuliwa kwa sababu ya moyo au maradhi mengine yupo wa kupewa sindano za kuzituliza. Baada ya upasuaji testosteroni hushuka upesi, ndevu hupungua polepole, lakini sauti iliyokwisha kuwa nzito huenda isirudi kama zamani. Ndiyo maana miezi ina thamani hapa.

Anayempeleka hospitalini na awe binti au dada yake, mtu asiyemwonea haya. Siku chache kabla ya kwenda asinyoe, ili daktari ajionee. Achukue dawa zote anazotumia, na picha zake za miaka ya nyuma. Hata ile ya kwenye kitambulisho itafaa.