Pikapu ya zamani: Kwa nini namba D pekee haitoshi?

Ukimuuliza dalali wa magari nchini Tanzania bei ya pikapu, jibu mara nyingi huanza na herufi: namba C, namba D, namba E. Herufi hiyo ya kibao cha usajili imegeuka kipimo cha umri wa gari, na bei hupanda kadiri herufi inavyosogea mbele. Lakini kinachoonyeshwa hapo ni kipindi ambacho gari lilisajiliwa nchini. Herufi haisemi gari lilitengenezwa lini, wala lilikuwa likibeba nini.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu magari mengi huingia nchini yakiwa yameshatumika, hasa kutoka Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Tanzania imechagua njia nyingine: gari kuukuu huingia, ila hutozwa ushuru wa ziada. Kwa hiyo pikapu yenye miaka 15 inaweza kuvaa namba mpya kabisa. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, na hapo ndipo pa kuanzia.

Kadi hiyo ina namba ya chasisi na ya injini. Zote mbili zilinganishwe na zilizogongwa kwenye chuma chenyewe. Injini isipolingana, si lazima iwe ya wizi, maana pikapu nyingi za zamani zimeshabadilishiwa injini. Hata hivyo, muuzaji arekebishe kumbukumbu kabla ya kupokea fedha. Namba ya chasisi iliyokwaruzwa au kuchomelewa ni sababu tosha ya kuondoka. Tazama pia jina: gari lililopita mikono mitatu kwa mikataba ya karatasi tu, bila kubadilisha umiliki, linaweza kukuletea faini za watu usiowajua.

Baada ya karatasi, ingia uvunguni. Kwa maoni yetu, wanunuzi wengi hukosea hapa: husikiliza injini, wakasahau chasisi. Injini hutengenezeka au hubadilishwa. Chasisi iliyoliwa na kutu au kupinda kwa mzigo ni msiba wa kudumu. Kutu huweza kuwa imeanzia mbali, katika maeneo ya Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, au hapa pwani, kwenye gari lililokuwa likibeba samaki. Gonga chuma kwa nyundo ndogo. Penye uzima hulia kwa ukali, palipooza hutoa sauti iliyofifia. Angalia kama kuna viraka vya kuchomelea nyuma ya kibanda cha dereva, na rangi mpya iliyopakwa chini peke yake. Springi za nyuma zilizoongezwa zinaonyesha kuwa gari lilizoea kubebeshwa kupita uwezo wake.

Injini iwashwe asubuhi ikiwa ya baridi. Ukikuta imeshapashwa moto kabla hujafika, uliza kwa nini. Moshi wa bluu maana yake oili inaungua. Moshi mweusi mzito huashiria tatizo la dizeli au hewa. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huweza kuwa wa maji yanayoingia ndani ya injini. Oili ikionekana kwenye maji ya rejeta, tahadhari ni ileile. Kipimo cha kilomita kisikudanganye: pedali zilizolika hadi chuma hazilingani na kilomita 80,000.

Anayenunua pikapu ya namna hii mara nyingi ni mkulima, muuza mbao au mwenye duka, na fedha anazotoa ni akiba ya miaka au mkopo wa chama. Gari likilala gereji, marejesho hayalali. Ndiyo maana ujira wa fundi uliyemchagua mwenyewe, si yule aliyeletwa na dalali, ni gharama ndogo kuliko zote katika biashara hii. Muuzaji akikataa gari lisipandishwe juu likaguliwe, ameshakupa jibu, hata kama namba yake ni ya juzi.