Roboti Nipe, Lakini Swichi Ikae Kwangu

Uliza mbogi yoyote ya mtaa swali hili: ukiruhusiwa kutoa kitu kimoja kwenye filamu za sai-fai ukilete kejani, utachukua nini? Majibu yanakuja mbio. Mmoja anataka roboti ya kufua. Mwingine anataka mashine ya kumtoa Rongai hadi tao kwa sekunde mbili, asahau jam ya Lang'ata Road. Wa tatu anataka ile mashine ya Star Trek ambayo kapteni anaiambia "chai" na chai inatokea, kikombe na vyote.

Mimi pia nazitaka. Ukiishi orofa ya sita kwenye ploti isiyo na lifti, na maji yanakuja mara mbili kwa wiki, huwezi kucheka roboti ya kubeba mtungi wa lita 20. Na yeyote aliyewahi kufua jinzi nne kwa beseni anajua mgongo unasema nini usiku. Lakini kabla hiyo roboti iingie kwangu nina swali: swichi ya kuizima itakuwa kwa nani?

Nauliza kwa sababu hizi ndoto huwa zinatimia. Mwaka 1962 Wamarekani walianza kuonyesha The Jetsons, katuni ya familia inayoishi mwaka 2062. Mle ndani kulikuwa na Rosie, roboti wa kazi za nyumba, na watu walipigiana simu wakionana uso kwa uso. Leo shosho yako yuko ocha na anakupigia simu ya video akuulize kama umekula. Roomba, roboti ya kufagia sakafu, ilianza kuuzwa 2002. Kitu ambacho wale wachoraji hawakukitilia maanani sana ni bili.

Aliyekifikiria ni mwandishi mwingine Mmarekani, Philip K. Dick. Kwenye riwaya yake Ubik ya mwaka 1969, jamaa anayeitwa Joe Chip anataka kutoka nje ya nyumba yake mwenyewe. Mlango unakataa. Unataka sarafu kwanza, na Joe hana kitu. Anapobishana nao, mlango unamwambia akasome mkataba aliotia sahihi. Anachukua kisu aanze kufungua skrubu, mlango unatisha kumshtaki.

Wazungu waliisoma kama kichekesho. Sisi tunaiishi. Tokeni zikiisha saa mbili usiku, mita haijali kama ugali uko nusu kwenye koili. Simu ya lipa pole pole inajifunga ukichelewesha malipo, hata kama ndiyo unayotumia kutafuta kibarua cha kuilipia. Kuna gesi ya mita unayolipia kidogo kidogo kwa simu, na sola inayolala giza juani kwa sababu hujatuma pesa ya leo.

Tuseme ukweli lakini. Mifumo hii imesaidia. Wengi wetu hatuwezi kutoa pesa ya mtungi mzima wa gesi kwa mkupuo, na kuna nyumba zingekuwa bado na koroboi kama sola ingeuzwa kwa keshi peke yake. Shida yangu ni pale tunapozoea kwamba kila kitu ndani ya nyumba kina bosi mwingine aliye mbali.

Utasikia mtu akisema, "Si ulipe tu kwa wakati?" Huyo ana mshahara. Pesa ya hasola haina tarehe: wiki hii ipo, wiki ijayo ni hewa. Landilodi akitia kufuli ya pili mlangoni, angalau utampata keretaka umbembeleze mpaka Ijumaa. Apu haibembelezwi.

Na usidhani kumaliza kulipa kunakuokoa. Kulikuwa na kifaa huko Marekani kinaitwa Revolv, cha kuendesha taa na vitu vingine vya nyumbani kupitia simu. Kampuni ikanunuliwa na Nest, na Mei 2016 mitambo iliyokiendesha ikazimwa. Watu waliokuwa wamelipa karibu dola 300 wakabaki na sanduku la plastiki. Hawakuwa na deni la mtu.

Kwa hivyo masharti yangu ni haya. Roboti yangu ifanye kazi hata bando ikiisha. Iharibikapo, niweze kuipeleka kwa fundi wa Luthuli aifungue, abadilishe spea, tusonge. Na siku nikimaliza malipo iwe yangu kabisa, asiwepo mtu mwenye uwezo wa kuizima akiwa ofisini kwake. Hakuna kati ya haya kinachohitaji sayansi mpya. Yanahitaji sheria, na wanunuzi wanaouliza maswali kabla ya kubonyeza "nakubali".

Jambo lingine. Neno roboti lilitoka kwenye mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek, R.U.R., wa mwaka 1920, na asili yake ni neno la Kicheki la kazi ya kulazimishwa. Tukitamani mashine ya kufua tukumbuke nani anafua sasa. Kwenye keja nyingi ni dada wa nyumbani, kaka yake akicheza gemu. Kwingine ni wale kina mama wanaoketi kwenye kona asubuhi wakingoja kuitwa. Roboti ikija kama mali ya kampuni, mama fua anarudi nyumbani bila unga. Ikiwa yake, anaifungia mgongoni mwa mkokoteni, anafua ploti tatu kwa siku na mgongo wake unapumzika. Mashine ni ile ile, mwenyewe ndiye tofauti.

Ile mashine ya Rongai hadi tao, hata sijaanza kuijadili. Fikiria uko katikati ya safari, nusu yako Rongai nusu tao, halafu ujumbe unaingia: salio lako halitoshi.

Wewe ungechukua gani? Na ungekubali ikae kwako kwa masharti ya nani?