Mlinzi wa Mbuzi Hulelewa Zizini

Katika nyumba nyingi za Lweba, na pande zote za ziwa kuelekea Baraka, mbuzi si nyama ya sikukuu tu. Mbuzi ndiye akiba ya jamaa: huuzwa mtoto anapodaiwa karo ya shule, au mama anapopelekwa hospitali. Mbuzi watatu wakichukuliwa usiku mmoja, mtoto hukaa nyumbani. Lakini yule mbwa alalaye mlangoni, ambaye angeweza kuwalinda, mara nyingi hupata mateke mengi kuliko chakula. Leo twapenda kusema habari zake.

Huko Uturuki, katika nyanda za juu za Anatolia, wafugaji wana mbwa wakubwa waitwao Kangal, jina la mji ulio katika mkoa wa Sivas. Dume lao huweza kupita kilo 50. Tangu zamani hulinda kondoo dhidi ya mbwa-mwitu na dubu. Mwaka 1994 shirika la Cheetah Conservation Fund, lililoko Namibia, lilianza kuwapa wakulima wa nchi hiyo mbwa wa asili ya Anatolia, ili mbuzi wasiliwe na duma, naye duma asipigwe risasi. Wakulima wengi walieleza kwamba hasara yao ilipungua sana.

Je, yatupasa kuagiza mbwa kutoka Uturuki? La, hasha. Jibwa la namna hiyo hula sana, na jamaa yenye mbuzi sita haitaweza kulishibisha. Nchini Botswana wafugaji hutumia mbwa wa kienyeji, wadogo, waliozoea jua kali la nchi yao, nao wameonekana kuwa walinzi hodari kwa gharama ndogo. Basi siri haimo katika ukubwa wa mwili. Siri imo katika malezi.

Wazee walisema: udongo uwahi ungali maji. Mtoto wa mbwa atwaliwe akiwa na umri wa wiki nane hivi, akawekwe zizini. Alale na mbuzi, ale penye mbuzi, anuse harufu yao mchana na usiku. Akiisha kupita miezi minne bila kuwazoea, kazi huwa ngumu. Watoto wasimfanye mchezo wao wa kutwa nzima, maana ataandamana nao barabarani na kuacha kundi. Akianza kuwakimbiza wana-mbuzi, akatazwe papo hapo kwa sauti kali, wala asipigwe fimbo. Tena apewe chakula chake kila siku: ugali kidogo na vichwa vya samaki. Mbwa mwenye njaa huenda kuiba kwa jirani, na zizi hubaki bila mlinzi.

Akikua, mbwa huyo huwahesabu mbuzi kuwa ndugu zake. Adui akija, awe mnyama au mwizi, yeye husimama kati yake na kundi, akabweka kwa nguvu. Mara nyingi hahitaji kupigana, kwa kuwa adui akijua ameonekana hurudi alikotoka. Hata hivyo mbwa hashiki mahali pa mchungaji. Humwamsha tu.

Jambo moja tusilisahau kamwe: kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukiisha kuonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara huua. Mbwa achanjwe kila mara daktari wa mifugo anapopatikana. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile apate chanjo, wala asingoje kuona dalili.

Ninyi akina baba na akina mama, mwenye kumlisha na kumchanja mbwa wake amelinda mbuzi wake, na pamoja na mbuzi, karo ya watoto wake.