Ardhi Tunayoikanyaga Inasogea

Mwezi huu tutazungumza juu ya ardhi. Ukisimama shambani, ardhi imetulia. Kumbe inasogea polepole, wala hatuoni.

Sehemu ya juu ya dunia ni ganda gumu la mawe. Ganda hili limegawanyika vipande vikubwa, kama udongo wa mbuga unavyopasuka kiangazi. Vipande hivyo huitwa mabamba. Chini yake kuna miamba yenye joto kali sana. Miamba hiyo husogea polepole, na mabamba nayo husogea.

Mabamba mengine huachana. Hapa kwetu Afrika Mashariki ardhi inaachana katika Bonde la Ufa. Inaachana kwa milimeta chache tu kila mwaka. Mtoto anayezaliwa leo, akiishi miaka 70, ardhi itakuwa imeachana karibu urefu wa unyayo wa mtu mzima. Lakini kazi hii imeendelea kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo sababu tuna mabonde marefu na maziwa yenye kina kirefu. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya meta 1,400. Mlima wa volkeno wa Oldoinyo Lengai nao umo katika Bonde la Ufa.

Mabamba mengine hugongana. Tandika mkeka sakafuni. Sukuma ncha zake mbili zikutane. Katikati mkeka utajikunja na kuinuka. Ndivyo ilivyotokea Bara Hindi liliposukumana na bara la Asia. Ardhi iliinuka ikawa milima ya Himalaya. Huko ndiko uliko Mlima Everest, wenye meta 8,849. Mlima wetu wa Kilimanjaro una meta 5,895.

Mara nyingine miamba hung'ang'aniana, haisogei. Nguvu hujikusanya mpaka miamba inakatika ghafla. Hilo ndilo tetemeko la ardhi. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilipiga Mkoa wa Kagera. Watu zaidi ya 15 walikufa na nyumba nyingi zilibomoka.

Tetemeko si uchawi, wala halina mtu wa kulaumiwa. Hakuna awezaye kulizuia, wala kutabiri siku yake. Lakini kumbuka: mara nyingi si tetemeko linaloua, ni ukuta unaoanguka. Na ukuta ni kazi ya mikono yetu.

Basi fanya hivi:

1. Ukijenga kwa matofali, yafungamanishe vizuri kwenye pembe. Juu ya kuta zote zungusha mkanda wa zege wenye nondo. Mafundi huuita lenta.

2. Usiweke mawe mazito juu ya bati.

3. Tetemeko likikukuta nje, baki nje. Kaa mbali na kuta, miti na nguzo za umeme.

4. Likikukuta ndani, ingia chini ya meza imara. Kama hakuna meza, inama ukinge kichwa kwa mikono. Kaa mbali na madirisha na makabati.

5. Likiisha, toka nje. Usirudi katika nyumba iliyopasuka. Tetemeko jingine laweza kufuata.

Wasomee habari hii watu wa nyumbani kwako. Kisha tazameni pamoja kuta za nyumba yenu. Je, ziko imara?