Spika mpya ya safari, anayelipa ni mtoto

*Posti ya 1*

Mama zangu, Desemba hiyo imefika. Wengine wanakwenda Moshi kuhesabiwa, wengine Bukoba, Songea, Mwanza, Tanga. Na wiki hii nenda Kariakoo uone watu wanavyobanana kwenye maduka ya spika. Sio kwenye vyandarua. Spika! Ile ya kubeba, ya bluetooth, yenye taa za rangi rangi, na juu yake hedifoni ya katuni ya mtoto, eti "ili atulie kwenye basi".

Leo nasema, na najua kina baba watanuna. Kununua kifaa kipya cha muziki siku chache kabla ya safari, kwa hela ambayo haikupangwa, ni kumkopa mtoto bila kumuuliza. Nitaeleza moja moja. Soma hadi mwisho ndio uje kunitukana.

*Posti ya 2*

Kwanza, sina ugomvi na muziki. Nyumba yenye muziki ina raha, na mtoto mdogo kuimbiwa na kuchezeshwa ni kitu kizuri sana. Lakini simu uliyoshika sasa hivi inapiga muziki. Kwa hiyo kinachonunuliwa hapo sio muziki, ni kuonekana umefika. Gari limesimama, watu wametoka nje, na sauti ya spika inajieleza yenyewe kwamba mjini mambo sio mabaya.

Mtaniambia, "Nesi, mtu amehangaika mwaka mzima, hastahili kujifurahisha?" Anastahili. Kama uliweka kwenye kibubu tangu Machi kwa ajili ya spika, nunua, mimi nitakuja kucheza. Ninayemsema ni yule aliyepata mgao wa kikoba jana na leo ameumaliza dukani. Au amechukua mkopo wa kausha damu, wenye riba ya kukimbiza mtu usiku. Spika ya laki mbili inanunuliwa tarehe 20 Desemba. Ada, sare, madaftari na kodi ya nyumba vinakuja Januari. Hapo nani anapunguziwa? Ni maziwa ya mtoto, na mama ndiye anaambiwa "vumilia kidogo".

*Posti ya 3*

Halafu angalia begi la mtoto. Begi la spika lina kasha lake, chaja yake, waya wake wa akiba. La mtoto lina nini?

Unatoka Arusha au Moshi unakwenda Kigoma, Geita au Mtwara. Huko malaria ni nyingi kuliko ulikotoka. Chandarua kiko wapi? Mtoto anabadilisha maji, anashikwashikwa na kila shangazi, anakula kila sahani. Akianza kuharisha usiku, pakiti za ORS ziko wapi? Pakiti ya kawaida unaikoroga kwenye lita 1 ya maji safi na salama, na ikizidi saa 24 unamwaga, unakoroga nyingine. Pamoja nayo vidonge vya zinki: mtoto wa miezi 6 na zaidi ni miligramu 20 kwa siku, chini ya miezi 6 ni miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma.

Najua kuna atakayesema mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure serikalini. Ndiyo, sera ipo. Lakini bodaboda ya saa nane usiku haina sera. Dawa ikikosekana ukaandikiwa ya kununua, duka halina sera. Na spika ukiipeleka kuiuza usiku huo, utapewa nusu ya bei.

*Posti ya 4*

Sasa masikio, maana hapa ndipo watu wananiambia "nesi unazidisha".

Ndani ya sikio kuna seli ndogo zenye vinywele, kama 15,000 hivi kila upande. Ndizo zinazopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Tunazaliwa nazo, na zikifa haziotei tena. Hakuna sindano, hakuna dawa ya matone ya kuzirudisha.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Na kila sauti ikipanda desibeli 3, muda salama unakatika nusu. Piga hesabu na mimi: 78 ni saa 20, 81 ni saa 10, 84 ni saa 5. Kwa wiki nzima, sio kwa siku!

Hedifoni nyingi za watoto zimeandikwa kwa majivuno "mwisho desibeli 85". Mama anaona namba, anatulia. Basi la Dar kwenda Mwanza linatembea zaidi ya saa 12. Mtoto akikaa nayo masikioni njia nzima, sauti iko juu kushindana na injini na video ya basi, amemaliza kipimo chake cha wiki zaidi ya mara mbili kabla hajamsalimia bibi.

Na kichanga ndio kabisa. Tundu la sikio lake ni dogo, sauti ile ile inamgonga kwa nguvu zaidi. Halafu tunamlaza kwenye mkeka, spika iko pembeni kwenye kigoda, tunasema "huyu hata hasumbuliwi na kelele". Kulala hakuzibi masikio, mama.

*Posti ya 5*

Hii naomba msome taratibu.

Spika nyingi za bei nafuu zinakuja na rimoti nyembamba kama kadi. Ndani yake kuna betri bapa, inang'aa kama sarafu. Kifuniko chake kinatoka kwa ukucha. Mtoto wa mwaka mmoja akiimeza ikakwama kwenye koo la chakula, inaweza kuanza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Hata betri iliyokwisha nguvu bado ina hatari.

Dalili zinadanganya: udenda mwingi, anakataa kula, anakohoa, analia bila sababu. Ukihisi tu amemeza, usimtapishe, usimpe chakula, usisubiri aitoe chooni. Nenda hospitali yenye eksirei, sema wazi neno "betri" ukiwa mlangoni. Kama ana mwaka 1 na zaidi, anameza vizuri, na amemeza betri ndani ya saa 12 zilizopita, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10 mkiwa njiani, isizidi mara 6. Chini ya mwaka mmoja, asali hapana. Na usichelewe kuondoka kwa kutafuta asali.

Nyumbani kwa bibi kuna wajukuu kumi na rimoti moja. Nani anaiangalia?

*Posti ya 6*

"Lakini mtoto akilia basi zima linanitazama." Hoja hii naiheshimu. Kusafiri na mtoto ni kazi, na macho ya abiria yanachoma. Ila mwache alie kidogo, mwimbie, mwonyeshe ng'ombe dirishani, mpe baba yake ambebe hadi Morogoro. Ndiyo, baba! Aliyenunua hedifoni ili asibebe.

Walkman ya kwanza ya Sony, mwaka 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni na kitufe cha kupunguza muziki ili wawili waongee. Hata waliotengeneza kifaa cha kusikiliza ukiwa njiani walijua mtu hasafiri peke yake. Mtoto anajifunza maneno kwa kuongeleshwa na mtu anayemwona usoni. Safari ya siku nzima ni siku nzima ya maneno, na sisi tunaiziba kwa plastiki yenye picha ya katuni.

*Posti ya 7*

Basi msimamo wangu ni huu. Kabla ya safari, hela ya kwanza ni ya mtoto: chandarua, ORS na zinki, kadi ya kliniki, na akiba ya bodaboda usiku ambayo haiguswi. Pili, Januari itengwe kabla hujapanda basi. Ikibaki hapo, nunua spika yako kwa amani.

Ukishainunua, rimoti juu kabatini, imefungwa kwa selotepu. Spika mbali na wanapolala watoto. Nje kwenye uwanja, ukiisogeza kutoka mita 1 hadi mita 2, mtoto anapunguziwa desibeli kama 6, na haikugharimu chochote.

Isipobaki, simu ipo. Na mkifika kijijini bila spika, atakayewacheka atawacheka siku moja. Mtoto masikio yake anayahitaji miaka sabini.

Mtumie baba watoto kabla hajafika Kariakoo. Akinuna, mwambie ni maneno ya nesi.