"Umama" si jina la kununa

Kwa Mhariri,

Hapa Buruburu, mcheza drafti anayenuna baada ya kuliwa kete huambiwa, "Wacha umama!" Anayevumilia husifiwa kwamba amejikaza kiume. Lugha hii inawadharau wanawake. Watetezi wake husema ni utani tu, tena hata wanawake huitumia. Lakini aliyenuna ni mwanamume. Mbona kosa lake abebeshwe mama? Ungekuwa utani mtupu, tungesikia pia "wacha ubaba", na hatusikii. Uvumilivu uliowafikisha Harambee Starlets, timu ya taifa ya soka ya wanawake, kwenye fainali za Kombe la Afrika la Wanawake mwaka 2016 haukuwa wa kiume. Kununa tukuite kununa. Makocha wa mitaani na wasomaji wenzangu, mwasemaje?

Msomaji,
Buruburu, Nairobi