Sili Hapiki Data

Msimu wa tafiti za mwaka wa tatu umefika, na lile neno letu limerudi vinywani: kupika data. Dodoso zilizorudi hazitoshi, siku zimekwisha, basi mtu anakaa hosteli usiku anajaza zilizobaki. "Kwani nani atajua?" Mimi nasema hasara kubwa si kukamatwa. Hasara ni kwamba pengo unalolifukia huenda ndimo habari yenyewe ilimo. Ushahidi wangu nautoa mbali, kwenye bahari za barafu.

Kwa miaka mingi meli za utafiti zilikwenda Aktiki na Antaktika hasa majira ya kiangazi, maana wakati wa baridi barafu huziba njia. Vipimo vya miezi ya giza vikawa haba. Wengi wakaamini kwamba huko Aktiki, jua lisipochomoza, viumbe wa baharini wamelala tu. Lakini vifaa vya mawimbi ya sauti vilivyoachwa majini vilionyesha jambo jingine: zuplanktoni, wale viumbe wadogo wanaoelea, walikuwa wakipanda na kushuka kwa kufuata mbalamwezi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Pale palipodhaniwa hakuna kitu, kulikuwa na pilikapilika usiku kucha.

Na pengo hilo limetafutiwa dawa kwa jasho. Mwaka 1893 Fridtjof Nansen wa Norwei aliiacha meli yake Fram igandie barafuni makusudi, ikakokotwa na barafu hadi 1896. Bahari iliyodhaniwa kuwa na kina kifupi ikaonekana inapita mita 3,000, na chini ya maji baridi ya juu kukawa na tabaka lenye joto zaidi kutoka Atlantiki. Mwaka 2019 meli ya Kijerumani Polarstern ilirudia mbinu hiyo, watafiti wakipokezana kwa karibu mwaka mzima.

Antaktika wanasaidiwa na sili tembo. Kifaa hubandikwa kwa gundi kwenye manyoya ya kichwa. Sili akizama mamia ya mita kutafuta chakula, kinapima joto, chumvi na kina. Akiibuka kupumua, kinatuma vipimo kwa setilaiti. Manyoya yakipukutika, nacho kinadondoka. Sili analeta alichokutana nacho, basi.

Utaniambia wao wana meli na fedha, sisi tunasubiri boom. Sawa. Lakini kuandika "waliojibu ni 22 kati ya 50" hakuna gharama. Tuchukue mada tunayoipenda sisi wa ualimu, utoro shuleni. Wasiojibu dodoso mara nyingi ndio watoro wenyewe! Ukiwajibia wewe chumbani, umefuta kile ulichotumwa kukitafuta.

Wasimamizi nao wana sehemu yao. Mwanafunzi akijua sampuli pungufu itamletea alama mbaya, atapika tu. Idara zetu ziweke ukurasa mmoja kwenye kila ripoti: nilichokosa, na kwa nini nilikikosa. Na ukurasa huo upewe alama. Mwakani tutakuwa madarasani na maabara, na kuna mtoto atakayepata jibu lisilofanana na la kitabu. Akituuliza aandike lipi, tuwe na uso wa kumwambia: andika uliloliona.